Udongo Usiokanyagwa

Mvua za kwanza zikishanyesha Ngelambi na ardhi ikalainika, mchwa huanza ujenzi. Kichuguu kilicholala kiangazi kizima kimekauka na kupasukapasuka huota kofia mpya, mbichi, yenye vitundu ambamo vichwa vyekundu huchungulia na kurudi ndani. Kofia hiyo ndiyo Evodia aliyoifuata asubuhi ile, beseni dogo likiwa limefichwa ndani ya kitenge, ili atakayekutana naye njiani adhani anakwenda kuchuma mlenda.

Hakuwa anaiba. Kule Ngelambi, chini ya ukingo wa Iramba, wajawazito hupelekewa udongo wa kichuguu wautafune hamu inapowashika, na kila mwanamke anayejua kuuandaa ana kichuguu chake ambacho hamwonyeshi mwingine. Wanasema kikijulikana, watu watakichimba hadi malkia wa mchwa ahame. Kwa hiyo huendi na mtu, na huulizwi ulikotoka.

Evodia alifundishwa kuchagua na mama mkwe wake. Kichuguu cha njiani hakifai, kwa sababu udongo wake umekanyagwa na watu, ng'ombe na mbwa. Kinachotakiwa ni kile ambacho mchwa wake wanashuka mbali na kupandisha udongo ambao hakuna mguu uliowahi kuugusa. Huo, bibi yule alikuwa akisema, ni safi kuliko maji ya kisima, maana uchafu wa watu wote unabaki juu.

Ndiyo sababu alikipenda hiki. Kilikuwa pembeni ya shimo la zamani la watafiti wa madini. Kampuni moja ilikuja miaka mingi iliyopita, ikatoboa ardhi kwa mashine, ikakuta mawe yenye urani, madini yenye mionzi, lakini si kwa wingi wa kuwalipa gharama zao, ikafungasha. Mabaki ya mawe yaliyosagwa yalizikwa pale pale. Juu yake wakamwaga udongo mwingine, wakaushindilia, wakapanda nyasi na kusimamisha kibao cha mbao chenye maneno ya onyo. Kibao kililiwa na mchwa kikaanguka, na baada ya hapo hakuna aliyelifikiria tena lile shimo. Lilikuwa limefukiwa, basi. Kichuguu kilipoota ukingoni mwa mfuniko ule, kilipanda kwa haraka, na udongo wake ulikuwa wa manjano iliyofifia, laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Evodia alipouona mara ya kwanza alijua umetoka mbali sana chini, akamshukuru Mungu kwa kumwonyesha.

Nyumbani aliupasua vipande vipande, akawatoa mchwa mmoja mmoja, akauanika kwenye ungo juu ya moto wa kuni, kisha akaukaanga kwenye kigae mpaka ukatoa ile harufu ya mvua inayogusa vumbi. Scola, mke wa mwanawe Laurenti, alikuwa amesimama mlangoni akimeza mate kama mtoto anayesubiri nyama.

“Mama, hicho kidogo cha pembeni kimeshaiva,” alisema.

“Kimeiva macho yako. Subiri.”

Scola alikuwa na mimba ya miezi sita na kitu. Alikuwa amepoteza mbili kabla ya hii, zote wakati akiishi na Laurenti kule Sekenke kwenye mashimo ya dhahabu, na zote zikiwa changa. Safari hii Laurenti alimleta kwa mama yake mapema, akarudi machimboni, na mimba ikashika. Tumbo lilipoanza kuonekana, wanawake wa jumuiya ya kanisa walianza kusema ni mkono wa Mama Laurenti na udongo wake. Evodia alijibu kila mara kwamba ni Mungu. Lakini moyoni hakukataa kugawana sifa ile kidogo, na jioni alipomwona Scola amekaa kwenye kigoda, mkono juu ya tumbo, akitafuna taratibu, alihisi amefanya jambo moja kubwa katika maisha yake.

Wiki hiyo alirudi Urvashi.

Huyu alikuwa binti wa Chhotalal, mwenye duka la vitambaa Singida mjini, na amemaliza chuo hivi karibuni. Mwezi wa saba alikuja Ngelambi kwa kazi ya utafiti, kuona kama kilichofukiwa kwenye lile shimo bado kimetulia mahali pake. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Zefania, alimpeleka kwa Evodia apate chumba, na Evodia alimpenda siku ile ile, kwa sababu msichana alipiga goti kidogo akitoa shikamoo na alikula mlenda bila kuuliza umo nini. Mara ile aliondoka na mifuko ya nyasi, panya waliokaushwa, mifupa ya kanga wa porini na kinyesi chao. Kijiji kilicheka hadi kikachoka. Rahabu, jirani na rafiki wa Evodia, ambaye ulimi wake haukujua Jumapili wala Jumatatu, alisema amezoea kuona Mhindi anakuja na mzigo na kuondoka na hela, lakini huyu ni wa kwanza kuondoka na mavi ya kanga.

“Mama, hata baba yangu anashangaa,” Urvashi alimjibu. “Anasema kanisomesha miaka yote hiyo niende kuokota kinyesi Iramba, wakati kuku wetu pale Singida wanacho cha kutosha.”

Sasa alikuwa amerudi na majibu ya maabara, pamoja na kifaa chake cha kupima mionzi, kisanduku cha manjano kinacholia tik, tik, polepole, kama jiko la mkaa linalopoa. Vijana walimuuliza kama kinaona dhahabu. Aliposema hapana, wengi waliacha kumfuata.

Safari hii alitaka kuona vichuguu. Evodia alijitolea kumtembeza. Alimwonyesha kile cha njia ya kisimani, cha shamba la alizeti, na kikubwa kilicho nyuma ya kanisa. Kwenye vyote kisanduku kililia kwa uvivu ule ule, na Urvashi akaandika, akachukua kijiko cha udongo, akashukuru. Kile cha shimoni Evodia hakukitaja. Hakuona kama anadanganya. Kichuguu cha mtu hakionyeshwi, na isitoshe alijua mambo ya wataalamu. Wakipapenda mahali wanaweka uzio, na kesho yake Scola atakula nini?

Jioni walikula pamoja jikoni, ugali wa mtama na mlenda, mvua ikinyesha kidogo nje. Urvashi alikuwa kimya isivyo kawaida yake. Evodia alimuuliza kama amepata homa. Akasema hapana, ila kuna kitu hakielewi.

“Juu ya lile shimo kumetulia,” alisema. “Nimepima mfuniko wote. Kusimama pale ni sawa na kukaa hapa jikoni. Lakini kinyesi cha kanga nilichookota mwezi wa saba kina urani, na mifupa yao ina urani. Kanga hawezi kuchimba kwenda chini kiasi kile. Kwa hiyo yupo anayempandishia.”

“Nani?” Scola aliuliza.

“Nadhani ni mchwa. Wao hushuka chini sana kutafuta maji na udongo wa kunata. Hawajui nani kafukia nini. Wanabeba, wanapandisha, wanajenga. Kanga anakuja kula mchwa. Mbuzi wanalamba kichuguu wakitafuta chumvi, mhanga, yule mnyama mla mchwa, anakibomoa, mvua inakisambaza hadi kwenye nyasi. Na mwaka unaofuata mchwa wanapandisha tena. Sasa nimezunguka vichuguu vyote alivyonionyesha mama, na vyote ni visafi.”

Evodia alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani.

“Si vitu hivyo huisha nguvu?” alisema. “Hata dawa ya kuogeshea ng'ombe, ukiiacha muda mrefu haiui tena kupe.”

“Iko mionzi ya namna hiyo, inayopungua ndani ya maisha ya mtu. Hii ya kwetu siyo. Ukingo wote huu wa Iramba utamomonyolewa na mvua uwe tambarare, na urani bado itakuwepo.” Urvashi alitabasamu kana kwamba anaomba radhi. “Ikiwa chini, haina neno. Tabu ni ikiingia ndani ya mtu au ya mnyama. Inakwenda kwenye figo, na nyingine inakaa kwenye mifupa.”

Scola alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha udongo, akakitia mdomoni. Kikasikika kikivunjika katikati ya meno. Urvashi alimwona, akacheka, akasema hata dada yake Vasanti alipokuwa mjamzito alimaliza udongo wote wa pemba katika soko la Singida. Alidhani na huu umetoka sokoni. Evodia alimwacha adhani hivyo.

Usiku ule hakulala vizuri, na kulipopambazuka alikuwa tayari amejiamulia. Atalimaliza jambo hili kimya kimya. Alichukua chungu chenye udongo ule, akakipandisha darini nyuma ya magunia ya mtama, kisha akamwambia Scola kwamba mchwa wamehama, udongo umekwisha. Scola aliuliza tu kama hakuna kichuguu kingine, na Evodia akasema atatafuta. Alimpa unga wa ubuyu akoroge na maji. Akajiambia kwamba amemkinga mtoto, Urvashi ataondoka baada ya siku chache, na hakuna atakayejua kwamba bibi ndiye aliyemlisha mjukuu wake kitu kile tangu mimba ikiwa changa. Kwa nini amtie Scola hofu? Mtu aliyekwisha kuzika matumaini mara mbili huwezi kumwambia jambo kama hilo na kumtaka alale.

Kesho yake mchana alirudi kutoka kupalilia alizeti, akamkuta Scola amekaa nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa na vumbi la manjano.

“Umepata wapi?” Evodia aliuliza.

“Kwa Mama Rahabu. Kaniona nahangaika, akanionea huruma.”

Evodia aliweka jembe chini na kwenda kwa Rahabu bila hata kunawa miguu. Alimkuta anapepeta uwele. Alimwambia asimpe tena Scola udongo, na uliobaki autupe. Rahabu alimtazama, akaacha ungo uning'inie mkononi.

“Ahaa, Mama Lau! Kumbe sifa zimekupanda kichwani. Mimba ishike kwa udongo wako tu, wa wengine ni sumu?”

“Rahabu, nakuomba. Umeutoa wapi?”

“Tangu lini mtu anaulizwa hilo?”

“Nionyeshe basi, niuone tu.”

Rahabu alinung'unika, lakini aliingia ndani akarudi na kibakuli. Evodia alichukua kipande, akakivunja kwa vidole. Manjano iliyofifia, laini kama unga. 

“Unachimba upande wa magharibi,” alisema. “Kwenye kile kichaka cha miiba.”

Rahabu alikivuta kibakuli kifuani, na kwa Rahabu hilo lilikuwa jibu.

“Mimi nachimba upande wa mashariki,” Evodia akasema.

Walitazamana. Kisha Rahabu akaanza kutikisika mabega.

“Miaka yote hii! Nikienda nakuta upande ule umechimbwa, nasema huyu mhanga ana adabu, anachimba kwa mstari.”

“Na mimi nilisema ni mhanga.”

Walicheka, wanawake wawili watu wazima, hadi Rahabu akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Evodia ndiye aliyeacha kwanza. Alikaa chini kwenye gogo, na pale pale, kabla ujasiri haujamtoka, akamweleza Rahabu yote aliyosema Urvashi. Alipomaliza, Rahabu hakuwa na mzaha hata mmoja. Alisema amempa binti yake aliyeolewa Kinampanda, na jirani wa binti yake, na mwalimu mmoja wa shule. Alianza kuwataja, akafika kwa mke wa katekista, akaziba mdomo kwa kiganja.

Hapo Evodia akaelewa kwamba chungu kilichoko darini hakijamkinga mtu yeyote. Udongo ule ulikuwa umekwisha kutembea kuliko yeye, na ungeendelea kutembea kwa mikono yenye huruma, kwa kuwa kila aliyeubeba alimpenda yule aliyempelekea.

Walimkuta Urvashi kwa mzee Zefania anachaji simu. Evodia alimwomba watoke, na njiani hakusema kitu zaidi ya kwamba kuna kichuguu kingine. Walipokaribia, kundi la kanga liliruka kwa kelele. Urvashi aliwasha kifaa. Hatua chache kabla ya kufika kilikuwa kinalia kivivu kama siku zote, kisha kikaanza kuharakisha, na alipokisogeza karibu na kofia mpya, milio ilishikana kama mahindi yanayokaangwa. Urvashi alitabasamu, furaha ya mtu aliyepata alichotafuta kwa muda mrefu. Kisha akaona alama za jembe, upande huu na upande ule, zimenyooka, na tabasamu likaondoka.

“Nani anachimba hapa?”

“Mimi,” Evodia alisema. “Ndio udongo anaokula Scola.”

Urvashi alizima kifaa. Alikaa kwenye nyasi, akakumbatia magoti, na kwa mara ya kwanza Evodia aliona jinsi alivyokuwa mdogo, hajafika umri wa Laurenti.

“Nilimwona akitafuna,” Urvashi alisema. “Nilikaa naye jikoni nikicheka. Sikuuliza.”

“Ungeuliza ningekudanganya, mwanangu.”

Kisha alieleza polepole na wazi, na Evodia alimshukuru kwa hilo. Urani ile si kali kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya inayoliwa hupita na kutoka na haja, na inayobaki figo huitoa kidogo kidogo, mradi mtu aache kuongeza. Alikuwa na matumaini. Scola aache leo, aende hospitali ya Kiomboi apimwe damu na mkojo, na yeye mwenyewe angepeleka sampuli maabara. Evodia alimuuliza kuhusu mtoto.

“Kuhusu mtoto sijui, mama. Sitaki kukuambia najua. Ninachojua ni kwamba kila siku asiyokula ni nzuri kuliko aliyokula.”

Rahabu aliuliza kwa nini wasikichome kichuguu kwa mafuta ya taa na kukisawazisha. Urvashi akasema mchwa watajenga kingine pembeni, na kikibomolewa udongo utatapakaa zaidi. Mchwa hawana kosa. Kufukia upya kwa namna ambayo hawawezi kupenya ni kazi ya mashine na mawe mengi, na ataiandikia ripoti, na ataifuatilia hata akiitwa msumbufu. Mpaka hapo, ulinzi pekee ni watu kujua.

Evodia alirudi nyumbani peke yake. Alitamani Scola awe amelala, lakini alikuwa macho, anachambua mboga. Alikaa mbele yake, akamwambia. Hakuanzia mbali wala hakupamba. Alisema udongo umetoka wapi, kuna nini chini yake, na kifaa kimesema nini. Mikono ya Scola iliendelea na mboga kwa muda, kisha ikasimama.

“Ulijua lini?”

“Juzi jioni. Tulipokuwa tunakula.”

“Nikiwa natafuna.”

“Ukiwa unatafuna.”

“Na jana ukaniambia mchwa wamehama.”

“Nikakuambia hivyo. Nilidhani nikikuficha chungu inatosha.”

Scola alisimama kwa shida, akaingia chumbani, akafunga mlango. Evodia alibaki na ungo wa mboga. Alisikia kilio chake, kile cha kubanwa kwenye mto, naye hakubisha hodi, kwa kuwa hakuona ana haki. Alipika, akaweka chakula nje ya mlango. Jua lilipokuwa linashuka Scola alitoka, macho yamevimba, akakaa kwenye kigoda chake.

“Wale wawili wa kwanza,” alisema. “Hawakupotea kwa sababu ya udongo?”

“Hapana. Kule Sekenke hukuwa unakula huu. Wale sijui kilichowachukua.”

“Na huyu, kama udongo ni mbaya, ni nini kilichomshika?”

Evodia alifikiri. Lilikuwa ni swali ambalo hakuwahi kujiuliza, kwa maana jibu lake lilikuwa limemfurahisha.

“Sijui, mwanangu,” alisema. “Labda ni wewe mwenyewe.”

Scola aliivuta sahani, akala. Baadaye alisema hasira yake haijaisha, na Evodia akasema najua, ikae tu.

Jumamosi ilikuwa siku ya jumuiya. Baada ya sala Evodia alisimama mbele ya wanawake, akasema kichuguu chake kiko wapi. Minong'ono ilipita, maana hata kabla hawajasikia sababu, lile lenyewe lilikuwa jambo geni. Rahabu akasimama naye akasema ni chake pia, na kwamba yeye na Mama Lau ni mhanga mmoja. Walicheka, na baada ya kicheko wakawa tayari kusikiliza. Urvashi alieleza, akaulizwa maswali magumu, mengine akayajibu na mengine akasema hajui. Mama mmoja alisema haya ni maneno ya watu wanaotaka eneo. Mwingine alitoka bila kuaga. Lakini wengi walifungua mafundo ya vitenge, wakamwaga walichokuwa nacho kwenye ndoo, na wawili wakamnong'oneza Urvashi vichuguu vyao vilipo ili akavipime. Siku ya Jumatatu wanawake wenyewe walikata matawi ya miiba na kuzungushia kile cha shimoni, mbuzi wasikilambe. Evodia, aliyekuwa anaogopa uzio wa wataalamu, alichomwa na miiba hadi viwikoni.

Hamu haikumtoka Scola kwa siku moja. Kulikuwa na mchana alitembea uani akikunja ngumi, akasema anasikia harufu ya mvua hata jua likiwaka. Evodia alitembea naye. Walikula ubuyu hadi meno yakafa ganzi.

Safari ya pili ya Kiomboi walikwenda kuchukua majibu. Urvashi alikuwa amepiga simu kutoka mjini siku iliyotangulia, sauti yake ikikimbia. Mkojo wa kwanza ulikuwa na urani kidogo, wa pili ulikuwa na kidogo zaidi ya hapo, inapungua. Daktari naye alisema figo zinafanya kazi vizuri, damu ni nzuri, atakuwa anamwona kila mwezi, na mtoto akizaliwa wataendelea kumwangalia. Hakuahidi zaidi. Muuguzi alimlaza Scola kitandani, akamwita Evodia aingie asikilize. Mapigo ya mtoto yalijaa chumbani, ya haraka, yenye nguvu. Scola alimtazama Evodia kwa mara ya kwanza tangu siku zile bila kitu chochote katikati yao, akanyoosha mkono. Evodia akaushika. 

Walipomaliza, Scola alibaki ndani akiandikiwa vidonge vya damu, na Evodia akatoka barazani. Mabenchi yalikuwa yamejaa wajawazito, wa Kinampanda, wa bondeni, wengine wa mbali asikojua. Mwisho wa benchi alikaa msichana wa umri wa miaka ishirini hivi, tumbo lake bado dogo, viatu vimejaa vumbi la safari. Alifungua fundo la kitenge bila kuangalia, akatia kitu mdomoni, na Evodia akakisikia kikivunjika.

Alisimama pale mlangoni. Angeweza kumngoja Scola waondoke. Bodaboda walikuwa getini na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Msichana yule hakuwa wa Ngelambi, na udongo wake huenda haukuwa na neno lolote. Evodia akapita katikati ya magoti ya watu hadi mwisho wa benchi.

“Shikamoo mama,” msichana alisema, akificha mkono.

“Marahaba, mwanangu. Usifiche, hata mimi nauandaa. Umepewa na nani?”

“Mama mkwe.”

“Anakupenda.”

“Sana,” msichana alisema, akatabasamu kwa aibu.

“Naona. Na mimi nampenda mke wa mwanangu, yumo humo ndani.” Evodia akamwomba asogee kidogo, akaketi. “Hebu nikuambie nilichomlisha.”